Kutembea Bila Mwongozaji Katika Korongo la Mto Verdon

Mto Verdon huanzia milimani karibu na Col d'Allos, kusini-mashariki mwa Ufaransa, ukateremka kusini kisha magharibi hadi kuungana na mto Durance. Kati ya mji mdogo wa Castellane na ziwa la Sainte-Croix, maji yake yamekata nyanda za mawe ya chokaa na kuacha korongo lenye kuta zinazofikia kimo cha mita 700 hivi. Wageni wengi huliona kutoka barabarani: husimamisha gari ukingoni, hupiga picha, huondoka. Mwenye kwenda kwa miguu hulijua kwa namna nyingine kabisa. Njia ya miguu haiishii ukingoni; hushuka hadi chini, hufuata mto kwa saa nyingi, hupenya mlima kupitia mahandaki, kisha hupanda tena kwenye mwanga. Ndiyo maana Verdon ni likizo ngumu ya kutembea ingawa haina theluji wala vimo vya kumkosesha mtu pumzi.

Katika likizo ya aina hii hakuna mwongozaji. Zipo kampuni zinazomwekea msafiri nafasi za kulala, zikamhamishia mizigo kwa gari kutoka kijiji hadi kijiji na kumpa ramani pamoja na maelezo ya kila siku. Wapo pia wanaojipangia kila kitu wenyewe. Kwa vyovyote vile, njiani msafiri hana wa kumwambia asimame, ageuke au aharakishe. Hapo ndipo korongo linapotofautiana na mlima. Mlimani, anayechoka hugeuka akateremka, na kila hatua ya kurudi humpunguzia taabu. Korongoni mambo ni kinyume: anayechokea chini bado anadaiwa mpando wote, na kuta hazina mlango wa katikati. Maamuzi makubwa ya safari ya Verdon basi hufanywa kabla ya kushuka, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maamuzi hayo.

Uamuzi wa kwanza ni upande wa kuanzia. Uti wa safari ni njia ndefu ya miguu iitwayo GR4, inayovuka Ufaransa kutoka Royan kwenye pwani ya Atlantiki hadi Grasse, na ambayo hupita hapa ikiunganisha Moustiers-Sainte-Marie, La Palud-sur-Verdon, Rougon na Castellane. Inaweza kutembewa kutoka upande wowote. Wengi huvutiwa na wazo la kufuata mto unakokwenda, kutoka Castellane kuelekea ziwani. Hata hivyo, kuna sababu nzuri ya kwenda kinyume cha maji, yaani kuanzia Moustiers na kumalizia Castellane. Kipande kigumu kuliko vyote, njia ya Blanc-Martel iliyo chini ya korongo, hutembewa na watu wengi kutoka La Maline kwenda Point Sublime. Anayekwenda hivyo huteremka ngazi za chuma badala ya kuzipanda, na hasukumani na msururu wa watu wanaokuja mbele yake kwenye vijia vyembamba. Siku tatu za kutembea zinatosha kwa njia yenyewe. Siku ya nne, ya kupumzika au ya kuongeza njia ya pembeni, huifanya safari iwe na nafasi ya kupumua, na humwezesha msafiri kusubiri mvua ipite bila kuvuruga nafasi alizolipia.

Uamuzi wa pili ni majira. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi bora. Nusu ya kwanza ya Oktoba nayo huwa nzuri, ila jioni huingia mapema na baadhi ya nyumba za wageni huanza kufunga. Julai na Agosti kuna mambo matatu kwa pamoja: joto kali linalorudishwa na mawe meupe, umati wa watu, na hatari ya moto wa misitu. Kusini mwa Ufaransa moto huchukuliwa kwa uzito mkubwa, na serikali za majimbo huweza kufunga misitu au kuzuia watu kuingia siku za upepo mkali. Ukingo wa kulia wa mto uko katika jimbo la Alpes-de-Haute-Provence na ukingo wa kushoto katika jimbo la Var, kwa hiyo mwenye mpango wa kuvuka daraja hana budi kuangalia matangazo ya pande zote mbili. Kuwasha moto njiani hakuruhusiwi, na anayetaka hema ni bora alale katika viwanja vya kambi vilivyo karibu na vijiji. Majira ya vuli huleta mvua nzito za ghafla, na wakati wa baridi barafu hukaa muda mrefu kwenye vivuli ambavyo jua halivifikii kabisa.

Mvua na maji vinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo mgeni mwerevu wa mambo mengine huweza kukosea. Wasomaji wa Kenya wanakumbuka Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yalipoua watu saba katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha. Korongo hukusanya maji ya eneo kubwa na kuyapitisha kwenye nafasi finyu. Mvua inayonyesha mbali, mahali ambapo aliye chini haoni hata wingu lake, huweza kumfikia kama ukuta. Verdon ina hatari hiyo, na ina nyingine juu yake. Juu ya Castellane mto umezuiwa na mabwawa mawili ya umeme, Castillon lililokamilika mwaka 1948 na Chaudanne lililo chini yake. Mitambo ikihitajika kuzalisha umeme, maji hufunguliwa, na kina cha mto korongoni huweza kupanda siku yenye anga jeupe kabisa. Mabango yanayoonya juu ya jambo hili yamewekwa sehemu nyingi za kushukia mtoni, na hayakuwekwa kwa mapambo.

Njia yenyewe kwa sehemu kubwa imekatwa juu ya usawa wa maji, kwa hiyo anayebaki njiani yuko salama. Hatari huanza pale anapoiacha: akishuka kwenye ufuko mdogo wa kokoto kula chakula cha mchana, akirukia jiwe la katikati ya mto kupiga picha, au akivuka kwa miguu ili kukata kona. Maji yakipanda, jiwe lile hugeuka kisiwa na ufuko ule hukosa njia ya kurudia. Kanuni ni fupi. Mto huvukwa kwenye madaraja tu. Mapumziko hufanywa mahali penye njia ya kupandia nyuma ya mgongo. Kuogelea kunaachwa hadi ziwani Sainte-Croix, ambako maji ni tulivu. Maji yakianza kubadilika rangi au sauti, au kokoto zilizokuwa kavu zikianza kulowa, mtu huondoka mara moja bila kukusanya vitu vilivyotandazwa. Utabiri wa hewa unaoangaliwa jioni iliyotangulia uwe wa milima ya juu pia, si wa kijiji cha kulala pekee. Radi zikitarajiwa, siku ya Blanc-Martel huahirishwa. Hakuna jibu la kati.

Mwili nao huandaliwa mapema. Anayeweza kutembea kilomita 20 kwenye barabara tambarare hajajiandaa kwa Verdon, maana kinachochosha hapa ni kupanda na kushuka, na zaidi kushuka. Magoti na misuli ya mapaja hupata kazi ambayo kutembea mjini hakuifundishi. Kwa mkazi wa Tanzania, siku kadhaa za kwenda kwa miguu kutoka Lushoto kuelekea Mtae katika milima ya Usambara ni mazoezi yanayofanana sana na safari yenyewe; kwa mkazi wa Nairobi, vilima vya Ngong na mzunguko wa kreta ya Longonot hufaa. Asiye na mlima karibu apande na kushuka ngazi za jengo refu akiwa amebeba shanta lenye uzito atakaoubeba kweli. Wiki sita hadi nane za mazoezi ya aina hiyo, mara tatu kwa wiki, huleta tofauti inayoonekana. Jambo la kujiuliza kwa ukweli ni hofu ya kimo. Mtu anayetetemeka juu ya ngazi ya kawaida ya nyumba atapata shida kwenye ngazi za chuma za Blanc-Martel, na kugundua hilo akiwa tayari amefika pale si jambo zuri kwake wala kwa walio nyuma yake.

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo kwa pasipoti ya nchi yake anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla; miezi miwili au mitatu ni muda wa busara. Bima ya matibabu ya safari inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000, na hapa pana jambo la kusoma kwa makini katika mkataba. Bima nyingi za bei nafuu hutimiza sharti la viza lakini huondoa michezo ya milimani au gharama za uokoaji kwa helikopta. Msafiri wa Verdon achague inayotaja wazi kwamba kutembea kwenye njia za milimani kumo. Stakabadhi za nafasi za kulala, zikionyesha kijiji kwa kijiji na tarehe kwa tarehe, ni ushahidi mzuri wa mpango wa safari mbele ya maofisa wa viza, na hiyo ni sababu nyingine ya kuziweka mapema.

Nafasi zenyewe ni za aina mbili kuu. Hoteli ndogo na nyumba za wageni hutoa chumba cha faragha. Nyumba za watembeaji, ziitwazo gîte d'étape, hutoa vitanda katika chumba cha pamoja, chakula cha jioni mezani na wageni wengine, na kifungua kinywa. Aina ya pili ni ya gharama ndogo na ina faida ambayo pesa hainunui: waliotembea njia hiyo siku ile huwa wapo mezani, wakieleza kama kuna mti ulioanguka au kipande kilichofungwa. Mgeni huleta shuka lake la kulalia lililoshonwa kama mfuko, mablanketi yapo. Chakula cha mchana cha kubeba huagizwa jioni iliyotangulia. Rougon ni kijiji kidogo sana, na vitanda vyake hujaa mapema kuliko vya kwingineko, kwa hiyo upangaji mzuri huanzia hapo kisha siku nyingine zikazunguka tarehe iliyopatikana. Wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi watanufaika na Kifaransa chao. Wengine watasaidiwa na Kiingereza mijini, na kwa subira vijijini.

Ramani ya karatasi ni ya lazima. Inayotumika ni ya taasisi ya ramani ya Ufaransa, IGN, namba 3442 OT, ya kipimo cha 1:25,000, inayoonyesha korongo lote na njia zake. Ramani za simu ni msaada mkubwa zikipakuliwa mapema, lakini chini ya kuta hizo mtandao hupotea na setilaiti husomeka vibaya, hata kitone cha mahali ulipo kikahama ng'ambo ya mto. Alama za njia za GR ni mistari miwili iliyopakwa kwenye mawe na miti, mweupe juu na mwekundu chini. Mistari hiyo ikipishana kama msalaba, maana yake ni kwamba njia si hiyo. Alama za manjano ni za njia fupi za eneo. Aliyetembea robo saa bila kuona alama yoyote arudi hadi ya mwisho aliyoiona, asibahatishe mbele.

Mzigo wa mgongoni uwe mdogo. Viatu vyenye soli ya kung'ata, vilivyokwishazoea mguu, ndiyo kitu cha kwanza. Mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na nyayo za miaka mingi huteleza hata yakiwa makavu. Maji ni lita mbili kwa siku ya baridi na tatu kwa siku ya joto, kwa sababu katika Blanc-Martel hakuna bomba na maji ya mto si ya kunywa. Tochi ya kichwani, ikiwa na betri mpya, ni sharti kwa ajili ya mahandaki. Mwanga wa simu unatosha kuona lakini humnyima mtu mkono mmoja. Koti la mvua, sweta, kofia, firimbi, bandeji za malengelenge na chakula cha ziada hukamilisha shanta. Fimbo za kutembelea husaidia magoti, mradi ziwe za kukunjwa, kwani kwenye ngazi na kamba za chuma mikono yote miwili inahitajika.

Safari yenyewe huanzia Moustiers-Sainte-Marie, kijiji kilichojibanza chini ya magenge mawili ambayo kati yake pametundikwa mnyororo wenye nyota ya dhahabu. Kijiji hiki kimejulikana tangu karne ya 17 kwa vyombo vya udongo vyenye nakshi. Anayefika mchana apande ngazi za mawe hadi kanisa dogo la Notre-Dame-de-Beauvoir, kunyoosha miguu na kupima pumzi. Kutoka hapa GR4 hupanda kwa saa kadhaa hadi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya msafiri hubaki ziwa la Sainte-Croix, lililotengenezwa na bwawa lililojazwa maji miaka ya 1970. Kijiji cha zamani cha Les Salles-sur-Verdon kilizama humo, na wakazi wake walijengewa kipya juu ya ufuko. Siku hii ya kwanza ina urefu wa kilomita 20 hivi na haina maji njiani. Haina hatari kubwa, lakini ni ndefu, na anayeiona kama ya kuchangamsha viungo tu hufika La Palud akiwa amejimaliza. Kuondoka saa 2 asubuhi kunatosha kufika kabla ya jua kushuka, pamoja na mapumziko ya kutosha juu ya ukingo.

La Palud-sur-Verdon, kwenye mita 900 na zaidi kidogo, ni kijiji cha watembeaji na wapanda miamba. Kuna duka la chakula, kuna nyumba za wageni, na kuna ofisi ya habari za korongo ambako inafaa kuuliza mambo mawili kabla ya kulala: kama njia ya Blanc-Martel imefunguliwa yote, na kama gari la abiria la kwenda La Maline linafanya kazi siku inayofuata. La Maline iko kilomita kadhaa kutoka kijijini, na kutumia gari hilo au teksi si uvivu. Ni kutunza miguu kwa ajili ya kazi inayosubiri. Mwenye nyumba ya kulala aambiwe njia inayofuatwa na saa ya kutarajiwa kufika. Hilo ndilo linaloziba pengo la mwongozaji kuliko kifaa chochote.

Njia ya Blanc-Martel imepewa majina ya watu wawili. Édouard-Alfred Martel, mchunguzi wa mapango, alipita chini ya korongo lote mwezi Agosti 1905 pamoja na wenzake. Isidore Blanc, mwalimu wa Rougon, alikuwa miongoni mwao na alizijua pembe za korongo kama mwenyeji tu anavyoweza kuzijua. Kwa muda mrefu jina la Martel pekee ndilo lililotajwa. Ni haki kwamba la mwalimu limewekwa mbele. Urefu ni kilomita 15 hivi, na mtembeaji wa kawaida huhitaji saa sita hadi saba bila kuhesabu mapumziko marefu. Kuanza saa 2 asubuhi ni vizuri, saa 1 ni vizuri zaidi majira ya joto. Baada ya saa 5 asubuhi mtu asishuke.

Kutoka La Maline njia huteremka kwa vizingo katikati ya miti mifupi, mita zaidi ya 300 hadi karibu na mto. Njiani pana njia panda ya kwenda daraja la miguu la Estellier; anayekwenda Point Sublime huliacha na kuendelea kupandisha mto. Kuanzia hapa njia hupanda na kushuka bila kupumzika, mara ikigusa usawa wa fuko za kokoto, mara ikikata maporomoko ya mawe yaliyolegea ambayo hupitwa mmoja mmoja na bila kusimama, kwa sababu jiwe linaloanguka kutoka juu halitoi taarifa. Chini ya magenge yaliyoinama kuna vivuli vipana vya kupumzikia. Baada ya muda hutokea njia ya pembeni ya kwenda La Mescla, mahali mto Artuby unapoingia Verdon na korongo kujipinda kwa kishindo. Kwenda na kurudi huchukua nusu saa na zaidi kidogo, na ni pazuri kuliko mahali pengine popote pa kulia chakula cha mchana katika safari hii. Aliyekwisha kuchelewa apaache.

Kinachofuata ni mpando mkali hadi mwanya wa Brèche Imbert, halafu ngazi. Ni ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, zenye vidato 252 kwa jumla, na baadhi yake zimesimama sana. Anayeshuka huugeukia mwamba, hushika vyuma vya pembeni kwa mikono yote miwili, na huacha nafasi kati yake na aliye mbele. Watoto wadogo na mbwa hawafai kuletwa hapa. Aliyefika juu ya ngazi akiwa hajisikii vizuri ana nafasi ya mwisho yenye maana ya kufikiri kurudi. Akishashuka, njia fupi ya kutoka ni mbele.

Baada ya hapo huja mahandaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mradi wa kupitisha maji ya Verdon ndani ya mlima ili kuzalisha umeme, ukaachwa kabla ya kukamilika. Mashimo yaliyobaki sasa ni njia ya watembeaji: la Trescaïre lina mita 110 hivi, na la Baou lina mita 670 hivi. Ndani ni giza la kweli, baridi, na sakafu yenye madimbwi. Lipo handaki jingine lililofungwa, na lisichezewe. Ndani ya Baou mtu hutembea pole, tochi ikimulika miguuni, akishikilia upande mmoja wa ukuta pale madimbwi yanapozidi. Nje yake ni Couloir Samson, mahali ambapo kuta mbili hukaribiana na mto kupita katikati kama uzi. Huo ndio mlango wa korongo kwa anayetoka Castellane. Bado kuna mpando wa mwisho hadi barabara ya Point Sublime, na miguu iliyokwisha kazi huulalamikia sana, kisha njia ya kupanda hadi Rougon kwa wenye kitanda huko.

Rougon ni mahali pa kukaa, si pa kulala tu. Tangu mwaka 1999 tumbusi wa jamii ya griffon, waliokuwa wametoweka eneo hili, walirudishwa na kuachiliwa hapa. Asubuhi, jua likishapasha magenge joto na hewa kuanza kupanda, huonekana wakizunguka bila kupiga bawa, wakati mwingine chini ya usawa wa macho ya mtazamaji. Mwenye siku ya nne aitumie hapa.

Wapo watakaotaka kuitumia siku hiyo kwa jambo zito zaidi, yaani njia ya Imbut iliyo upande wa kushoto wa mto. Katika hali hiyo kituo kinabaki kuwa La Palud, na siku ya nyongeza huwekwa kabla ya Blanc-Martel. Huko Imbut mto hupotea chini ya lundo la majabali na kutokea mbele. Kufika ni kwa vijia vyembamba vyenye kamba za chuma juu ya maji. Njia ya kutokea iitwayo Vidal hupanda wima karibu moja kwa moja hadi barabarani, na hutumiwa kwa kupanda tu. Anayeingilia upande wa La Maline hutegemea daraja la Estellier. Mafuriko ya mwaka 1994 yalilibeba la zamani na ilichukua miaka kulijenga jipya, kwa hiyo hali yake huulizwa kwanza La Palud. Imbut ni ya watu wenye uzoefu na siku kavu. Blanc-Martel inatosha kuwa kipimo cha likizo nzima, na asiyeiongeza Imbut hajapungukiwa.

Siku ya mwisho hutoka Rougon kuelekea Castellane kupitia Chasteuil, kijiji cha nyumba chache za mawe. Njia hupita juu ya mto, katikati ya misonobari na malisho, na baada ya kuta za siku iliyotangulia uwazi wake hupokelewa kwa furaha. Ni kutwa nzima ya kutembea kwa utulivu, na hitilafu ya kawaida ni kuondoka kwa kuchelewa kwa kudhani kazi imekwisha. Castellane hujulisha uwepo wake kwa mwamba mrefu uliosimama juu ya mji ukiwa na kanisa dogo kileleni. Mwenye nguvu iliyobaki huupanda kwa nusu saa hivi. Napoleon alipita mjini hapa tarehe 3 Machi 1815 akitoka kisiwa cha Elba, na barabara inayokwenda pwani bado ina jina lake.

Ikitokea ajali popote njiani, namba ya dharura ni 112, inayopigwa kwenye simu yoyote. Mahali pasipo na mtandao, mmoja hubaki na aliyeumia na mwingine hupanda hadi simu ishike, akiwa ameandika mahali, saa na aina ya jeraha. Ndiyo sababu kundi la watu watatu ni bora kuliko wawili, na mtu mmoja peke yake asiingie Blanc-Martel nje ya msimu wa watu. Firimbi hupulizwa mara sita kwa dakika, kisha kimya cha dakika moja, kisha tena.

Kutoka Castellane mabasi huelekea pwani ya Nice, lakini ni machache na ratiba hubadilika kwa msimu. Njia nyingine ni kwenda kwa gari hadi Saint-André-les-Alpes, kilomita 20 hivi kaskazini, kupanda treni ndogo ya mlimani inayounganisha Digne na Nice. Tiketi ya ndege ya kurudi isiwekwe siku ileile ya kumaliza kutembea. Usiku mmoja Castellane na mwingine Nice humpa msafiri nafasi ya kuchelewa bila hasara.